Kumnyima Mama Kidonge

Jumamosi. Mlandizi kumefunga mawingu tangu alfajiri, mvua inatutishia tu. Nina hasira leo, na sijui nimkasirikie nani.

Mama yangu anaumwa kichwa. Si jambo geni, kipandauso amekuwa nacho tangu mimi sijazaliwa. Kwake kijijini Janga alikuwa akikikaza kichwa kwa kanga, anameza vidonge vyake vya maumivu, anakwenda shamba. Geni ni kwamba safari hii yuko kwangu, duka la dawa liko ng'ambo ya barabara, na mimi simnunulii.

Daktari wa mishipa ya fahamu alitueleza taratibu. Vidonge vya maumivu vikimezwa kila siku, kichwa huvizoea, halafu vyenyewe huanza kukiumiza. Mama aviache kabisa, anywe hii dawa nyingine ya kuzuia. Siku za mwanzo zitakuwa ngumu, alisema.

Ngumu! Angekuja akae hapa.

Na nani alimzoesha? Sisi sote. Kwetu hakuna anayemwendea mgonjwa mikono mitupu, na kwa kuwa kichwa cha Mama kinajulikana kijiji kizima, kila aliyekuja kumjulia hali alimletea vidonge. Tumempenda mpaka tukamzidishia ugonjwa.

Asubuhi aliniomba. "Nusu tu, mwanangu."

"Hapana, Mama."

"Kwani wewe mimi nilikunyima nini?"

Nikaenda jikoni, nikalia huku napepeta mchele niliokwisha kuupepeta.

Mchana akaja Bi Zuhura, jirani yake wa Janga. Nilimwamkia, akaitikia, akaketi mkekani kando ya Mama, akafungua pindo la kanga. Vidonge. Nikafungua mdomo nimzuie, Mama akanikata jicho lile lile la utotoni mwangu. Akavipokea kwa mikono miwili.

"Ahsante, mwenzangu. Mungu akulipe."

Nikajua basi, kazi yote imekwenda na maji.

Bi Zuhura alipoondoka, Mama alinyoosha mkono akanipa vyote. Hakuwa amefungua hata kimoja.

"Kavifiche. Usiniambie umeviweka wapi."

"Si ungemwambia tu kwamba umekatazwa?"

"Ametoka Janga kwa ajili yangu. Nimrudishe na zawadi yake mkononi?"

Nilivificha, nikarudi, nikampakata kichwa. Kiliendelea kumuuma, nilimwona anavyofumba macho. Hakuomba tena.

Sasa amelala. Naandika haya kwenye simu kwa kidole gumba, mkono wangu wa pili uko chini ya shavu lake, umekufa ganzi zamani. Sithubutu kuuchomoa.

Nampenda mama huyu jamani, mpaka natamani kichwa kingekuwa changu.

Akiamka ataomba, najua. Nitamwambia hapana. Ila sitakimbilia jikoni tena. Nitaisema nikiwa nimemshika.