Matairi Yako, Rehema, na Barabara ya Gairo

Mwanangu Rehema,

Mama yako ameniambia kwamba Jumamosi utaingia tena uwanjani na wenzako huko Dodoma, mshindane kuzunguka na magari yenu, halafu Jumapili uje nyumbani kwa ajili ya Idd. Gari ni lile lile jeupe la kwendea kazini, na matairi ni hayo hayo ya kila siku. Alinieleza kwa furaha, maana amekukumbuka sana. Mimi nilitoka nikakaa barazani, nikawa naitazama milima ilivyofunikwa na mawingu. Kwenye simu haya siyawezi. Ukishasema, "Baba, tulia," basi mimi hunyamaza. Ndiyo maana nakuandikia.

Najua unaikumbuka ile siku ya Mikese. Ulikuja ukasema, "Baba, leo twende ukaone ninachokipenda," ukanipeleka kwenye ule uwanja wa zamani wa ndege wa shamba la mkonge, mlikokuwa mmepanga mapipa kuonyesha kona. Mimi bwana shamba mstaafu, niliyezoea pikipiki ya idara na njia za mahindi, nikafunga mkanda nikajitia ushujaa.

Mwanzoni ulikwenda taratibu. Uliniambia matairi bado ya baridi, hayajashika. Yalipopata joto ukakanyaga mafuta, na kwenye kona mwili wangu ukabanwa mlangoni. Ukacheka. "Unaona, Baba? Yakipata moto yanashika kama gundi." Nilikuwa nimeng'ang'ania kiti, lakini nakiri nilikuona ulivyokuwa mzuri pale kwenye usukani, umetulia kama mtu anayesoma.

Hukuacha mapema. Ukazunguka tena na tena, mpaka matairi yakaanza kulia na harufu ya mpira ulioungua ikaingia ndani. Gari likawa linatoka nje ya kona kila ulipokata usukani. "Sasa moto umezidi," ukasema. "Haya ni matairi ya barabarani, hayakutengenezwa kwa kazi hii. Yanateleza kama yamepakwa samli."

Tuliposimama tukainama kuyatazama. Katikati mifereji ilikuwa mizima kabisa, mtu angesema ni tairi jipya. Lakini ukingo wa nje, hasa wa mbele kushoto, ulikuwa umelika na kuchanika, vijipande vya mpira vimejiviringisha kama tambi. Ukatoa upepo kidogo katika kila tairi, ukanieleza kwamba joto limeuvimbisha. Nikaitikia kwa kichwa. Niliona unajua unachokifanya, na kweli ulikuwa unajua.

Ndipo mjomba wako akapiga simu kwamba bibi yako amezidiwa kule Mkuyuni. Hatukujadiliana. Tulikatiza mjini bila kusimama, tukashika barabara ya mlimani, na mvua ikatukuta njiani.

Kona ile siwezi kuisahau. Hukuwa na mwendo wa kutisha. Ulikata usukani, nikajua magurudumu yamekubali kwa namna usukani ulivyozunguka, lakini gari lenyewe halikugeuka. Likaendelea moja kwa moja kwenye ukingo wa barabara, kule ambako majani ya migomba yanaonekana kwa juu kwa sababu shina liko chini bondeni. Nilitoa shahada kwa sauti. Wewe hukukanyaga breki. Uliachia mafuta, ukasubiri, na kusubiri kwako kulikuwa kurefu kuliko umri wangu. Kisha matairi ya mbele yakauma, gari likazunguka, na ubavu wa nyuma ukagonga ukuta wa mlima. Injini ikazimika. Ikabaki mvua tu juu ya bati.

"Baba, uko salama?"

"Niko salama. Wewe?"

Mikono yako ilikuwa bado kwenye usukani. Ndipo uliposema maneno ambayo sijawahi kumsimulia hata mama yako: "Uwanjani ningeishia kwenye nyasi."

Uliposhuka ukakanyaga tairi kwa mguu, likabonyea kama mto. Lilikuwa limepoa. Ule upepo ulioutoa likiwa na moto haukurudi, na ukingo uliopaswa kuishika lami yenye maji tulikuwa tumeuacha Mikese. Tulipanda kwa miguu, tumelowa chapachapa, tukamkuta bibi yako ana homa kali lakini yu hai, na nguvu za kutugombeza kwa kutembea mvuani alikuwa nazo. Alipona, alhamdulillahi. Sisi tukasema gari limekwama, basi.

Tangu hapo naogopa kitu kinachoonekana kizima. Baadaye, kabla hujahamia Dodoma, ulinionyesha matairi uliyokuwa umeyapeleka uwanjani mara nyingi. Mifereji ilikuwepo, trafiki yeyote angeyapitisha, lakini ukucha wangu haukuweza kuingia kwenye mpira. Ulisema kupata moto na kupoa mara kwa mara kumeyakausha, hayana tena ule mshiko. Uliyasema kama mtu anayenifundisha somo. Mimi nilisikia hukumu. Sasa nikiona gari jeupe linaingia mtaani kwetu moyo unaruka, na nikiona halijaingia unaruka zaidi.

Sikukatazi, Rehema. Nilikuona siku ile, najua nikikukataza utabaki mtu pungufu. Ila Jumapili, kabla hujaondoka, jaza upepo matairi yakiwa ya baridi. Pitisha kiganja chako kwenye kingo za nje, zote nne, usitazame katikati. Ukikuta zimelika, acha gari huko uje kwa basi. Mawingu yakiwa mazito, acha gari huko uje kwa basi. Hakuna atakayekucheka hapa nyumbani.

Na kwa kuwa nakujua, najua pia kwamba huenda ukaja nalo. Basi mimi na mama yako Jumapili tutapanda basi la asubuhi mpaka Gairo, katikati ya njia yako, tukusubiri stendi. Kipande cha kutoka huko kuja Morogoro utakiendesha tukiwa ndani, mimi mbele, yeye nyuma, maana kukungoja nikiwa nimekaa barazani sitaweza tena. Mama yako sijamwambia sababu. Nimemwambia tunafuata karanga, na ameshaandaa gunia.

Nakuombea dua kila swala.

Baba yako, mwoga wako