Kompyuta Zako na Ngazi ya Ami

Mjukuu wangu Salim,

Wa alaikumu salamu. Hiyo biashara yako ya kuunganisha kompyuta nyingi zifanye kazi kama moja, uzikodishe kwa makampuni, nimeielewa yote. Wallahi naongopa, nimesomewa mara tatu. Mke wetu, bibi yako, ni mzima, ila tangu asikie wataka tuiweke rehani nyumba hii tulalayo, chakula hakimpiti. Nami usingizi umenihama.

Waniuliza kama italipa. Ujanani, hapa Timbwani, ami yangu alipata kazi ya kuezeka nyumba. Mvua ilikuwa karibu, akatukusanya vijana tele amalize upesi. Ngazi ilikuwa moja. Tukasubiriana chini, makuti kichwani, na mchana tukala wali wake.

"Mwala kama mlioezeka!" akafoka.

Mvua ikatukuta paa li wazi, na faida tushaila.

Kompyuta zako nazo zitakula umeme zikisubiriana. Naogopa, Salim. Kwanza nionyeshe kazi itapita wapi zisikwamishane, na mteja wa kuzishughulisha zote.

Na ngazi yangu uliyoichukua siku ya Idi ukamwachia rafiki yako, mwambie airudishe. Jiko lavuja, na wingu lishatanda.

Babu yako