Kitasa, Mlango Bado Umefungwa

Mwaka umetimia, Baba, tangu utuache ukiwa kwenye kitanda ulichokuwa umekwisha kukishinda. Watu wanatuambia tusamehe, yaliyopita si ndwele. Tumejaribu. Hasira haijatoka, na leo tunakuandikia nayo hivyo hivyo.

Mtaa mzima ulikuita Kitasa. Miaka thelathini kwenye kibanda chako cha kuchonga funguo hukuwahi kumwacha mtu nje ya mlango wake. Ulifungua kwanza, maswali baadaye. Kufuli bovu uliliinamia ukaliuliza, "Haya, sema, nani kakuumiza?" Sisi tunacheka, wewe hucheki. Na kila kufuli ulilouza, meno ya ufunguo wake uliyachora kwenye daftari, ili mteja akiupoteza asihangaike.

Kisha miguu ikaanza kukusaliti. Wapo waliosema umelewa, wewe ambaye hata soda ilikupa kiungulia! Hospitali wakasema ni ugonjwa wa MS: kinga ya mwili inazishambulia neva zako mwenyewe, na dawa ya kuuponya hakuna. Sisi, kwa mapenzi na ujinga, tukakulaza. Tukakulisha, tukakuvalisha, Shangazi akakunyang'anya hata kikombe. Mpaka yule dada wa mazoezi ya viungo alipokuja kututolea uvivu: "Nyinyi mnampenda au mnamzika? Mwacheni asimame!" Kwa ile miezi minne tuliyokulaza tunajilaumu mpaka leo.

Kwenye chumba chake kule hospitalini, mwisho wa ukumbi, ulijifunza kutembea upya. Jumanne na Alhamisi, asubuhi kabla jua halijakolea, maana joto lilikulegeza. Taulo bichi shingoni, mikono kwenye vyuma viwili. Hatua sita. Wiki nyingine, kumi na moja. Siku uliyofika kibandani kwa fimbo yako ulimpigia Mama simu: "Mke wangu, niko kazini. Mchana msinisubiri." Mama alilia jikoni, akakwambia ni vitunguu.

Halafu mkurugenzi wa hospitali akakifunga chumba. Alitaka stoo ya viti vya mikutano. Mlipokwenda kumwuliza, wagonjwa saba, aliwajibu bila kuinua macho: "Ugonjwa wenyewe hauponi. Mazoezi ya nini?"

Bwana Mkurugenzi, tunajua gazeti hili unalisoma. Nani alikwambia Baba alitaka kupona? Alitaka kwenda msalani mwenyewe.

Hukupiga kelele, Baba. Ulilitazama tu kufuli la mlango ule, ukatabasamu. Walilinunua kibandani kwako. Ukarudi nyumbani, ukaomba daftari na tupa, ukaanza kuchonga kwa vidole vilivyokwisha kufa ganzi. Tulipotaka kukusaidia ulifoka, "Acheni! Haya ndiyo mazoezi niliyobakiwa nayo."

Lakini miguu haikungoja. Ilikakamaa, ukarudi kitandani, mgongo ukafanya kidonda, kidonda kikaleta homa. Ufunguo ulikamilika Ijumaa. Jumapili ukaondoka. Kwenye cheti wameandika homa, na hakuna hata mmoja wao aliyeuliza homa ilitoka wapi.

Mama bado anaweka fimbo yako kando ya mlango, na ole wake atakayeisogeza. Mjukuu wako anayauliza makufuli yale maswali yako. Shangazi siku hizi hamshikii mtu kikombe.

Unakumbukwa na Mama, sisi wanao watatu, Shangazi, mjukuu wako, dada wa mazoezi, na wenzako sita mliokaa benchi moja. Wawili kati yao sasa hawainuki.

Yaliyopita si ndwele, wanasema. Basi tugange yajayo. Hatutasahau, Baba, siku zote tulizobakiwa nazo. Na Jumanne hii, kabla jua halijakolea, tutakuwa mwisho wa ule ukumbi, sisi na wenzako sita, wanaotembea na wanaobebwa. Hatutavunja kitu. Ufunguo wako tunao.