Je Vais Venir, Anasema Joachim

Bombambili, Songea

Kaka Aidani,

Shikamoo. Natumaini Tanga mnaendelea vizuri, wewe, wifi na watoto. Sisi hatujambo. Mama yuko Maposeni, goti linamsumbua, ila mahindi kapalilia mwenyewe na haambiliki. Kwa kuwa simu zangu hupokei, barua hii nampa Bakili, kondakta wa basi la Tanga.

Utacheka, lakini nasoma Kifaransa. Nilimwendea jirani yangu Tumpe, mwalimu wa sekondari aliyehamia kutoka Tukuyu, na neno moja tu: vais. Akanikalisha jikoni tuchambue mchele. Akasema ni kwenda. Naenda, je vais, tunaenda, nous allons, nitakwenda, j'irai. Nikamuuliza mbona hayafanani hata kidogo. Akasema vais na irai yametoka kwa vitenzi viwili tofauti vya Kilatini, na asili ya allons wataalamu bado wanaibishania. Leo vyote ni kitenzi kimoja, wala hakuna anayeuliza kipi kilitangulia. Nikaikumbuka familia yetu, nikaendelea kuchambua mchele.

Neno hilo nililisikia kwenye simu yangu, katika sauti iliyotumwa kutoka Gitega, Burundi. "Je vais venir." Tumpe akanieleza kuwa msemaji yuko mbioni kuja. Anaitwa Joachim. Kaka, zile fununu za msibani kwa baba zilizokuondoa na hasira ni za kweli: ni mtoto wa baba, wa enzi zile akiendesha malori ya Burundi. Kiswahili hajui. Anaomba kuliona kaburi.

Nilimsikilizisha mama sauti hiyo. Akakaa chini, akasema hiyo ni sauti ya marehemu mtupu. Alilia sana. Kisha akauliza kama huyo kijana anakula ugali.

Desturi ya kwetu unaijua. Mtoto ambaye hakuzika haendi kaburini peke yake. Mkubwa humshika mkono na kumpa udongo autupie. Mkubwa ni wewe, na tangu mazishi hujakanyaga Maposeni.

Sasa nisamehe, maana nimekwisha kumjibu, Tumpe akinitafsiria. Nimemwambia kaka yetu mkubwa atampokea stendi Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu. Akauliza jina lako, nikamtajia. Tangu hapo kila asubuhi ananitumia sauti, anajifunza, ulimi bado mzito: "Kaka Aidani, shikamoo."

Mimi siwezi kumwitikia, kaka. Hiyo marahaba ni yako.

Mama anakusalimu, na anasema godoro la chumba chako ameshalianika.

Mdogo wako akupendaye,
Anjelika