Herufi Zinazotetemeka

Chumba cha juu, nyuma ya karakana ya baiskeli
Jumapili, 8 Juni

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Goti lako limepata nafuu? Na binamu zangu, bado wanagombania kiti cha dirishani? Sisi hatujambo, tena hatujambo kupita kiasi. Ndoa ni tamu, Shangazi, mbona hukuniambia mapema? Namwangalia mume wangu akipiga mswaki, nacheka peke yangu.

Ile kazi niliyokudokezea kwenye simu imemtoa jasho. Ni filamu ya hali halisi kuhusu bendi ya wanamuziki viziwi, na yeye ndiye anayesanifu bango na maandishi yote ya kwenye skrini. Alizifanya herufi zirukeruke kila muziki unapolia. Mimi nilipiga makofi! Lakini mpiga ngoma wao, mama mmoja wanayemwita Radi, alitazama akapiga miayo. Akasema kwa ishara, mkalimani akatafsiri: "Kijana, hawa ni panzi. Muziki wetu unapanda kutoka chini."

Muongozaji wa filamu akasema bendi ikikataa tena, kazi atapewa mtu mwingine.

Mume wangu alirudi mnyonge, chakula hakishuki. Nikamwambia, vua viatu. Tukalaza spika kifudifudi kwenye sakafu ya mbao, tukaziba masikio kwa pamba, tukajinyoosha hapo tumeshikana mikono. Shangazi, ngoma iliingia visiginoni, ikapanda magotini, ikafika kifuani! Sikujua tena ipi ni ngoma na upi ni moyo wake. Ghafla akakurupuka kwenda kwenye kompyuta, pamba bado masikioni. Namwita, haitikii.

Herufi mpya zinaanza kutetemeka miguuni tu, kisha mtetemo unapanda taratibu hadi neno zima linatikisika. Jana bendi ilikuja studio kuzitazama. Radi alitulia, mikono mapajani. Mara mguu wake ukaanza kugonga sakafu. Na hapo spika zilikuwa zimezimwa! Wenzake wakafuata, meza ikacheza, vikombe vikagongana. Muongozaji hakuuliza la ziada, akamwambia mume wangu aanze bango kesho.

Wakati wa kuagana Radi akanitania kwa ishara, mkalimani akitafsiri: "Mumeo huyu mfungie ndani, wasije wakamwiba."

Nikamjibu kufuli ninalo, na ufunguo nimeumeza.

Nisalimie Bibi, shangazi mdogo na mapacha wake. Mungu akuzidishie afya na kicheko.

Ni mimi, nikupendaye na kukukumbuka kila siku,
Bi Harusi wako