Mashine ya Salfa Isiyopumua

Nachingwea, Jumapili

Mama yangu mpendwa,

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu yeyote, na nimeona nianze nalo kabla ujasiri haujaniishia: naogopa injini. Naogopa ule mlio wa kwanza inaposhtuka na kuwaka. Tangu ule mkanda wa mashine ya kusaga ulipokatika pale kijijini, mimi nimesimama na ndoo yangu ya mahindi, kila kamba ya kuwashia injini ikivutwa moyo wangu unakimbia.

Sasa shikamoo, Mama. Mgongo umepoa? Bibi anaendeleaje na macho yake? Mimi ni mzima. Masomo yanakwenda, ila maji hapa shuleni yanatoka kwa kubahatisha.

Mwalimu Chitanda ameniambia Kaka Hamisi alimpigia simu, kwamba mashine yetu ya kupulizia inafanya kazi na mikorosho ya kule bondeni yote imeshapuliziwa salfa kabla ugonjwa wa ubwiri haujashika maua. Mama, nilihisi kama nimetua mzigo. Siku hiyo nilikula ugali wangu wote na nusu ya ule wa Yusta. Akaniambia pia kwamba unauliza mashine ilikuwa na ugonjwa gani. Nilimwomba asiseme, nitaandika mwenyewe. Sababu utaiona.

Darasa letu la ufundi ni la Jumamosi. Mwalimu Chitanda anatufundisha kwa mashine za watu, za kupulizia, za maji, hata pikipiki, maana anasema injini iliyochorwa ubaoni haijawahi kumchafua mtu mikono. Mimi aliniingiza kwa sababu nasoma vitabu vya maelekezo bila kukwama. Wenzangu wanafungua, mimi nasoma kwa sauti. Nikaipenda nafasi hiyo. Muhula mzima hakuna aliyegundua kuwa sijagusa kamba hata moja. Nyumbani mkaanza kuniita fundi, nami nikanyamaza.

Kwa hiyo Kaka aliposhuka na mashine kwenye gari la Ruangwa akaniambia, "Fundi, maua yameshaanza, tukichelewa mwaka huu tutaokota majani," nilimsaidia kuibeba mpaka darasani.

Tuliiweka mezani. Yusta, rafiki yangu wa kutoka Mnero ambaye haogopi kitu, ndiye aliyevuta kamba, akavuta mpaka jasho likamtiririka. Tukitoa plagi, imelowa petroli. Tunaikausha, tunairudisha, anavuta, inalowa tena. Tukafungua kabureta na kuisafisha, mimi nikisoma mstari kwa mstari. Wapi.

"Wewe Somoe," Yusta akasema, "hicho kitabu chako kimeandikwa na muuza kabureta?"

"Hebu soma tena pale pa petroli," Mwalimu akaniambia.

"Mwalimu, petroli inafika," Yusta akadakia. "Huyu anakunywa vizuri sana. Anakunywa tu, hata asante hasemi."

Jumamosi ikaisha hivyo. Mwalimu akaturuhusu kurudi Jumatatu baada ya vipindi, lakini akasema ikishindikana tena itabidi mashine ipelekwe Masasi, na huko msimu huu mashine zimepangwa foleni mpaka nje. Nilijua maana yake. Maua hayangoji foleni. Usiku ule nililala na kitabu kifuani, nikikirudia kichwani.

Jumatatu nikasimama pale ninaposimama siku zote, nyuma ya mashine, upande wa ekzosi, bomba la kutolea moshi. Ni woga tu, Mama. Naona kama kitu kikiruka kitaruka mbele. Ukisimama pale, kamba ikivutwa, hata injini isipowaka, inakupiga pumzi kidogo mguuni. Nimeizoea hiyo pumzi mpaka huwa siifikirii. Siku ile sikuipata. Nikadhani ni sketi yangu imeizuia. Nikasogeza kiganja. Yusta akavuta. Hakuna kitu.

"Mwalimu," nikasema, kwa sauti yangu ile unayoijua. Hakuna aliyesikia. Nikasema tena, "Mwalimu, haipumui."

"Nani?"

"Mashine. Huku nyuma haitoi pumzi."

Akainama, akaweka kiganja chake. Alichukua spoku ya baiskeli, akaikunja ncha, akanikabidhi mimi. Ule wavu wa kwenye tundu la ekzosi ulishaanguka zamani, kwa hiyo spoku iliingia bila shida, ikanasa kitu laini. Nikakivuta polepole. Kilianza kutoka cheusi kwa oili, kikaja cha njano, halafu nikaona ua la korosho. Mama, kilikuwa kipande cha kanga ya Bibi.

Nikaelewa palepale. Msimu ukiisha mnaificha mashine chumbani kwa Bibi kwa ajili ya wezi, na kila mwaka analalamika kwamba analala na harufu ya petroli na salfa. Safari hii aliamua kuiziba mdomo.

Yusta alikitandaza kile kipande mezani. "Jamani, mgonjwa alikuja na shuka lake." Darasa zima likacheka, hata Mwalimu.

Nakuomba usimseme Bibi, na Kaka asimtanie. Utani huo ni wangu na yeye, nitakuja nao likizo. Ila mwambie Kaka msimu ujao amwage petroli yote na kukung'uta salfa kabla ya kuiingiza ndani, harufu itapungua, na Bibi hatakuwa na haja ya kanga.

Sasa, darasani kwetu aliyeona ugonjwa ndiye anayewasha. Mwalimu akanionyesha kamba. Nilitaka kusema naogopa, nikajikuta nimeishika.

"Vuta, dada," Yusta akasema, "haing'ati."

Nikavuta kidogo. "Usiibembeleze," Mwalimu akasema. Nikafumba macho, nikavuta kwa nguvu, ikawaka. Nilipiga kelele, Mama, lakini mlio wa mashine ulinifunika. Nilipofumbua macho, moshi ulikuwa umejaa na Yusta anapiga makofi. Bado naogopa, ila sasa ni kama mtu anavyomwogopa ng'ombe wa kwao.

Kengele ya chakula imelia, ngoja niwasalimu watu kwanza. Msalimie Bibi sana. Msalimie Kaka Hamisi na wifi yangu, na mdogo wangu Saidi, mwambie asitikise mikorosho yenye maua. Salamu pia kwa mwalimu wetu wa madrasa.

Uliuliza pia nani aliipakia mashine kwenye gari la kurudi. Ni mimi. Jumanne mchana niliibeba mgongoni mpaka stendi. Konda akauliza, "Binti, hii inawaka, au unanipakiza chuma chakavu?" Abiria wakageuka kunitazama, na unajua mimi na kutazamwa. Niliishusha chini, nikavuta kamba. Mara ya pili ikawaka. Nikaiacha iungurume mpaka konda akainua mikono. Nikaizima, nikasubiri ipoe, nikamsaidia kuifunga nyuma ya siti ya mwisho, kisha nikarudi shule kwa miguu.

Mwanao,
Somoe