Mtihani wa Jumatatu na Msiba wa Baba

Alhamisi, 10 Julai 2025

Nimefika nyumbani Mlabani jioni. Baba yuko sebuleni, kwenye jeneza. Presha, wamesema. Ilimkuta shambani Lumemo, anavuna mpunga. Watu wanalia — mimi silii. Nimepewa ubwabwa, nikala. Nikaongezewa, nikala tena.

Ijumaa, 11 Julai 2025

Tumezika. Baba mdogo Fulgensi kasoma wasifu wa marehemu. Eti Evaristo ameacha mke na watoto, wa kwanza mhitimu wa chuo kikuu! Watu wakageuka kuniangalia. Mhitimu wapi? Nimebakiza mtihani mmoja, Jumatatu asubuhi, Dodoma.

Nimemuuliza mama. Kasema ni baba mwenyewe, siku ya Pasaka, baada ya misa. Aliwatangazia watu kwamba mimi, Angelina wake, nimemaliza chuo. Alishindwa kungoja. Akachinja na jogoo.

Jumamosi, 12 Julai 2025

Gladness, mwenzangu wa chuo, kapiga simu toka hosteli. Kaniombea ruhusa kwa mwalimu. Mwalimu kasema poleni sana, ila ruhusa inatoka ofisini, na ofisi zimefungwa hadi Jumatatu. Nikikosa bila ruhusa, narudia mwaka. Nikasema sawa. Siku hizi kila kitu nasema sawa.

Shangazi Balbina kanikalisha mkekani, pembeni ya mama. Mtoto wa kwanza hatoki mpaka tanga lianuliwe, Jumanne. Nikamwambia nina mtihani. Kacheka kidogo. Mtihani gani tena, mwanangu, na umeshahitimu? Hasira ikanipanda, ikashuka yenyewe.

Baadaye mama kaninong'oneza: usimuumbue baba yako.

Jumapili, 13 Julai 2025

Basi la Morogoro linatoka saa nne. Nikatoka na begi — shangazi akanidaka mkono uani, mbele ya wote. Baba mdogo akauliza, kwa upole tu, naenda wapi. Dodoma. Kufanya nini? Watu wakaacha kula. Mama kainamisha kichwa. Neno moja tu na baba angekuwa mwongo, kaburi lenyewe bado bichi.

Nikasema naomba kwenda chooni.

Naandika nimesimama, begi miguuni. Saa tatu na nusu imeshapita. Namtaka baba aje awaambie mwenyewe! Huko nje mtu anauliza mbona nakawia. Shangazi anamjibu: mwacheni, ndiyo kwanza kaanza kulia.